Mwandishi aliyepiga riwaya kama gitaa

WAANDISHI wengi hupenda kujigamba kwa miaka waliyohangaika na kitabu kimoja. Michael Moorcock, Mwingereza aliyezaliwa Desemba 1939, hajawahi kuona haya kusema kwamba baadhi ya riwaya zake aliziandika kwa siku tatu tu kila moja.

Siku tatu, msomaji. Kuna watu wanaochukua muda mrefu zaidi kuandika barua ya kuomba kazi.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyetunukiwa tuzo ya riwaya ya gazeti la Guardian mwaka 1977, tuzo ambayo kwa kawaida ilikwenda kwa waandishi wa fasihi nzito. Ameandika hadithi za kisayansi, hadithi za mapanga na uchawi, riwaya za historia na riwaya kuhusu maisha ya mitaa ya London. Amepiga gitaa, ametungia bendi za roki maneno ya nyimbo na kupanda nazo jukwaani. Wahakiki wamehangaika kwa zaidi ya miaka 60 wakitafuta kabati la kumweka.

Ukimfuatilia vizuri utaona kwamba muziki kwake haukuwa burudani ya pembeni. Aliandika jinsi mwanamuziki wa bendi ya dansi anavyofanya kazi: anapiga usiku ili watoto wale, wimbo ule ule anaupiga mara mia, na kila mara anaupinda kidogo mpaka siku moja unatoka wimbo mwingine kabisa.

MTOTO WA MABOMU

Moorcock alizaliwa Mitcham, kusini mwa London, miezi michache tu baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kuanza. Mabomu ya Wajerumani yalikuwa yakiangukia jiji hilo, na magofu yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa uwanja wake wa michezo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, baba yake aliihama nyumba na kumwacha mtoto na mama.

Alianza kusoma mapema mno. Miongoni mwa vitabu vya kwanza vya watu wazima alivyosoma ni kimoja cha Edgar Rice Burroughs kuhusu sayari ya Mars, na mchezo wa kuigiza wa George Bernard Shaw. Mmoja mwandishi wa hadithi za bei rahisi, mwingine mshindi wa tuzo ya Nobel. Mtoto hakujua kwamba hao wawili hawafai kukaa rafu moja, na inaonekana hakuna aliyefaulu kumfundisha jambo hilo hata alipokuwa mtu mzima.

Aliacha shule akiwa na miaka 15. Wakati huo vijana wa Uingereza walikuwa wameingiwa na kichaa cha muziki wa skifo, uliovumishwa na mwimbaji Lonnie Donegan. Uzuri wa skifo ni kwamba haukuhitaji pesa: gitaa moja la bei nafuu, ubao wa kufulia nguo unaokwaruzwa kwa vidole, na sanduku la majani ya chai lililofungwa mti na kamba likawa besi. Vijana wetu waliotengeneza magitaa kwa mikebe ya mafuta wataelewa vizuri. Moorcock naye alipiga katika kikundi cha namna hiyo.

Mwaka 1957, akiwa na miaka 17, alifanywa mhariri wa Tarzan Adventures, jarida la vijana. Hebu fikiria kijana wa umri wa kidato cha nne akiamua kipi kichapishwe na kipi kitupwe kapuni. Jarida la aina hiyo halimngoji mtu apate maono. Ukurasa ukibaki mtupu, mhariri anaujaza mwenyewe. Hapo ndipo alipojifunza kasi.

MFALME DHAIFU NA UPANGA WAKE

Juni 1961, jarida la Science Fantasy lilitoa hadithi yake iitwayo "The Dreaming City". Mhariri wake, Ted Carnell, alikuwa ametaka hadithi za shujaa wa mapanga kama wale waliozoeleka, jitu la misuli linalokata vichwa na kuokoa warembo. Moorcock alimpa kinyume chake.

Shujaa wake, Elric, ni mfalme albino wa taifa la kale lililooza kwa anasa na ukatili. Mwili wake ni dhaifu, na kinachompa nguvu ni upanga mweusi uitwao Stormbringer. Lakini upanga huo una njaa yake wenyewe. Hunywa roho za wale unaowaua, na haubagui adui na rafiki. Katika hadithi ile ya kwanza kabisa, unamuua Cymoril, msichana anayempenda Elric kuliko wote, tena mkononi mwa Elric mwenyewe.

Wasomaji walimpenda mfalme huyo mwenye huzuni, wakataka zaidi. Moorcock alimuua Elric mapema tu, katika riwaya ya Stormbringer ya mwaka 1965, kisha akaendelea kuandika visa vya maisha yake ya kabla ya kifo. Msomaji anasoma akijua mwisho tayari, na bado anafungua ukurasa unaofuata.

Katika miaka hiyo hiyo alianza kutumia wazo la malimwengu mengi yaliyopo bega kwa bega, ambamo mtu yule yule huzaliwa tena na tena kwa majina tofauti. Neno lake la Kiingereza lilikuwapo tangu karne ya 19, kwa mwanafalsafa William James, lakini Moorcock ndiye aliyelifanya uti wa mgongo wa hadithi. Vijana wanaojaza majumba ya sinema leo kutazama mashujaa wanaoruka kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine wanakula matunda ya mti alioupalilia yeye kwa miaka mingi.

JARIDA LILILOKULA VITABU

Sasa tufike kwenye zile siku tatu.

Mwaka 1964, Moorcock, akiwa na miaka 24, alikabidhiwa uhariri wa New Worlds, jarida la hadithi za kisayansi lililokuwa limeanzishwa mwaka 1946 na ambalo lilikuwa karibu kuzikwa. Alitaka kulibadilisha. Alichoshwa na roketi na majoka ya sayari za mbali. Alitaka hadithi zinazotazama yanayotokea ndani ya kichwa cha binadamu katika karne ya televisheni, matangazo ya biashara na bomu la nyuklia. J. G. Ballard alipewa nafasi kubwa, na baadaye Wamarekani kama Thomas Disch.

Haukupita muda, matatizo yakabisha hodi. Mwaka 1966 msambazaji wa jarida alifilisika. Mwandishi Brian Aldiss alizunguka kulitafutia msaada, na Baraza la Sanaa la Uingereza likakubali kutoa pauni 150 kwa kila toleo. Pesa hizo hazikutosha kulipa waandishi, wachoraji na mtambo wa uchapaji.

Kisha ikaja kashfa. Kuanzia Desemba 1967 jarida lilichapisha kwa mfululizo riwaya ya Norman Spinrad, Bug Jack Barron, yenye lugha ya matusi na mambo ya chumbani. Mwaka 1968 kampuni ya W. H. Smith, yenye vibanda vya magazeti kila kona ya Uingereza, ilikataa kuliuza. Maswali yaliulizwa Bungeni: kwa nini pesa za umma zigharimie uchafu kama huu?

Mhariri angeweza kufunga duka aende zake. Badala yake alikwenda nyumbani kuandika riwaya za mapanga.

Mtindo wake wa kazi aliueleza baadaye waziwazi, wala hakuufanya siri ya mganga. Kabla ya kuketi alikuwa na kila kitu tayari: orodha ya majina, orodha ya vitu vya ajabu vya kutumia, na ramani ya kisa. Kitabu cha maneno 60,000 alikigawa mafungu manne, na kila fungu sura sita. Kila sura lazima isukume kisa mbele. Shujaa hapewi muda wa kupumua, kwa sababu siku za kuuokoa ulimwengu zinahesabika. Baada ya hapo ni kupiga taipureta tu.

Mwanamuziki akisoma maelezo hayo atatabasamu. Hivyo ndivyo bendi inavyofanya. Idadi ya mizunguko inajulikana, mahali pa kubadilisha panajulikana, na kwa kuwa hayo yamekwisha kupangwa, vidole viko huru kucheza.

Riwaya nne za Hawkmoon, zilizotoka kati ya 1967 na 1969, ni za namna hiyo. Usidhani kwamba ni takataka. Humo ndani dunia ya siku zijazo imevamiwa na dola katili ambalo askari wake huvaa vinyago vya wanyama, na dola hilo linaitwa Granbretan. Naam, ni Uingereza yenyewe. Shujaa anayepambana nalo ni Mjerumani. Mtoto aliyekulia katika magofu yaliyoachwa na mabomu ya Wajerumani aliandika hayo miaka zaidi kidogo ya ishirini baada ya vita, huku makoloni ya Uingereza yakijitawala moja baada ya jingine. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa utani huo.

JINA LISILOKUWA KWENYE JALADA

Malipo ya vitabu hivyo yalimezwa na New Worlds. Na nyumbani palikuwa na familia.

Mwaka 1962 Moorcock alimuoa Hilary Bailey, naye mwandishi, ambaye hadithi yake "The Fall of Frenchy Steiner" ilitoka katika New Worlds mwaka 1964. Walipata watoto watatu, wakaishi upande wa Ladbroke Grove, magharibi mwa London. Siku hizo ulikuwa mtaa wa kodi nafuu, wenye wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, wasanii na watu wasio na kazi maalum.

Mwaka 1969 ilitoka riwaya fupi ya The Black Corridor, kuhusu mwanamume aliye macho peke yake ndani ya chombo cha angani huku jamaa zake wamelala usingizi wa miaka. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilitokana na kazi ya Hilary Bailey. Jalada lilikuwa na jina moja tu, la mumewe.

Inafaa tulitaje hilo, kwa sababu hadithi za wasanii wakubwa hupenda kumsifu mtu mmoja kana kwamba alikuwa akijipikia na kujifulia mwenyewe. Bi Bailey ndiye aliyekuja kuhariri matoleo ya mwisho ya New Worlds, lilipokuwa limegeuzwa kuwa kitabu, hadi mwaka 1976. Ndoa yao ilivunjika mwaka 1978. Aliendelea kuchapisha riwaya zake kwa jina lake mwenyewe, na alifariki mwaka 2017.

WIMBO WA JERRY CORNELIUS

Katikati ya purukushani hizo, Moorcock alikuwa na kitu kingine mezani. Mwaka 1965 alichukua kisa cha Elric, kile kile cha mfalme albino anayerudi nyumbani kwa kisasi na kumuua ampendaye, akakihamishia London ya wakati wake. Upanga ukawa bunduki ya sindano. Mfalme akawa kijana mtanashati mwenye nywele ndefu, mwanasayansi, jasusi na mpiga gitaa. Jina lake Jerry Cornelius. Kitabu, The Final Programme, kilichapishwa Marekani mwaka 1968 na kutengenezewa filamu mwaka 1973, filamu ambayo mwandishi hakuipenda.

Vitabu vitatu vilivyofuata viliachana na mstari ulionyooka. Jerry anakufa na kufufuka. Vita vinazuka mahali ambapo ukurasa uliotangulia palikuwa na amani. Dada, ndugu, mama na adui wanarudi kila mara katika mavazi mapya. Mimi nilikiweka chini kitabu cha pili mara mbili kabla ya kukimaliza. Waliosoma Nagona ya Kezilahabi wakajikuna kichwa wataifahamu hali hiyo.

Siri ni kutokisoma kama ripoti ya polisi. Kisome kama unavyosikiliza gitaa la Lingala. Mpigaji anarudia kifungu kile kile, lakini kila kinaporudi, besi imebadilika chini yake, na wewe umebadilika pia.

Tena, jambo ambalo waandishi hawalifanyi, Moorcock aliwaruhusu wenzake wamtumie Jerry Cornelius watakavyo, kama wapigaji jazi wanavyoazimana wimbo. Aldiss, Spinrad na M. John Harrison walimwandikia visa vyao, na mwaka 1971 baadhi ya visa hivyo vilikusanywa katika kitabu kimoja, The Nature of the Catastrophe.

Kuhusu majina, alikuwa na uchokozi wake. Kwa miaka kadhaa aliandika pia kama "James Colvin". Alipomchoka mtu huyo, New Worlds lilichapisha tanzia iliyosema kwamba marehemu aliangukiwa na kabati lililojaa miswada. Wahariri wote wanajua kwamba hicho ni kifo kinachowezekana.

JUKWAANI NA HAWKWIND

Pale pale Ladbroke Grove, mwaka 1969, Dave Brock alianzisha bendi ya Hawkwind, iliyopiga roki ya kelele nzito kuhusu safari za angani. Walipiga bure chini ya barabara kuu ya juu, Westway, iliyokuwa imekata mtaa katikati. Moorcock hakuhitaji nauli kwenda kuwasikiliza.

Aliwaandikia "Sonic Attack", tangazo la dharura la kubuni linaloelekeza raia la kufanya wakishambuliwa kwa sauti. Lilisomwa na Robert Calvert katika santuri ya Space Ritual ya mwaka 1973. Calvert alipokuwa hawezi kupanda jukwaani, Moorcock mwenyewe alishika maikrofoni. Mwaka 1975 bendi ilitoa Warrior on the Edge of Time, santuri iliyojengwa juu ya shujaa wake anayezaliwa upya milele, na sauti yake imo. Mwaka 1985 walirudi na The Chronicle of the Black Sword, inayomhusu Elric.

Wamarekani wa Blue Öyster Cult nao walimwendea. "Black Blade", uliotoka mwaka 1980, ni wimbo wa ule upanga mweusi, na "Veteran of the Psychic Wars" wa mwaka 1981 una maneno yake pia.

Bendi ya kubuni ya Jerry Cornelius vitabuni iliitwa The Deep Fix. Moorcock akaunda bendi halisi yenye jina hilo, na mwaka 1975 wakatoa santuri yao, The New Worlds Fair. Haikumpa utajiri wala umaarufu wa nyota wa roki.

Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu cha nne cha Cornelius, The Condition of Muzak, kilichomletea ile tuzo ya Guardian. Jina lake ni kijembe. Mwaka 1877 mhakiki Walter Pater aliandika kwamba sanaa zote hutamani kufikia hali ya muziki. Miaka 100 baadaye Moorcock anajibu kwamba labda tumefikia, ila ni ule muziki laini unaochezwa ndani ya lifti na madukani.

Humo yule jasusi mtanashati anaanza kuonekana kama kijana fukara wa Ladbroke Grove mwenye gitaa na ndoto kubwa, ambaye muziki wake haumfikishi popote. Mama yake, Bi Cornelius, mnene, mchekeshaji na mpenda kinywaji, anakufa. Kwa maoni yangu hapo ndipo vitabu vyote vinne vinapopata moyo. Mtu aliyeandika hayo alijua jinsi jukwaa linavyoonekana taa zikishazimwa.

KAZI YA MIAKA 25

Orodha iliyobaki ni ndefu. Behold the Man, kuhusu mtu anayesafiri nyuma katika wakati kumtafuta Yesu, ilimpa tuzo ya Nebula, na nadhani ingewakera wengi wa wasomaji wetu wa Jumapili. Gloriana ya mwaka 1978 ilishinda tuzo ya dunia ya hadithi za njozi. Mother London ya mwaka 1988, kuhusu watu walioachwa na majeraha ya akili na yale mabomu ya utotoni mwake, ilikuwa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Whitbread.

Lakini anayetaka kumpima aende kwa Kanali Pyat. Riwaya nne zinazosimuliwa na mzee huyu zilianza na Byzantium Endures mwaka 1981 na kumalizika na The Vengeance of Rome mwaka 2006. Pyat ni mwongo, mlevi wa kokeini na mwenye kuwachukia Wayahudi, ilhali msomaji anatambua kwamba yeye mwenyewe ni Myahudi. Anaikimbia damu yake kutoka Ukraine hadi Marekani, Misri na hatimaye Ujerumani ya Hitler. Hakuna sayari wala upanga. Rafiki anayemwokoa mara kwa mara katika safari hizo ni Bi Cornelius yule yule, sasa akiwa kijana. Kifungu kimerudi tena, na besi imebadilika.

Mtu wa siku tatu alitumia robo karne kwa kazi hiyo.

Katika miaka ya tisini Moorcock alihamia Texas, Marekani, akawa akigawa muda wake kati ya huko na Paris. Ni katika jiji hilo la Ufaransa alikorekodi tena na The Deep Fix, safari hii pamoja na mpiga gitaa Martin Stone, ambaye pia alikuwa muuza vitabu kuukuu. Stone alifariki mwaka 2016 kabla ya kazi kutolewa. Albamu, Live at the Terminal Cafe, ilitoka mwaka 2019, mwaka ambao Moorcock alitimiza miaka 80.

Mwishoni mwa mwaka 2022 kikatoka kitabu kingine cha Elric, The Citadel of Forgotten Myths, miaka 61 baada ya kile kisa cha kwanza. Hiki hakikuandikwa kwa siku tatu. Sehemu yake ya mwanzo kuchapishwa ilikuwa imetoka tangu mwaka 2008.